Love na move eti hazina vina, ila said na bed zinavyo! Naomba kueleweshwa

#1 Tarazia
Wakuu salaam. Mpwa wangu ana miaka 11, rafiki yake anahama, darasani wakaambiwa waandike kibeti cha kuagana kwa kiingereza, mtoto akaja kwangu tukakaa mezani tukakiandika wote. Mistari miwili ya kwanza tukamalizia na love na move, miwili ya mwisho nation na motion. Karatasi imerudi ina duara jekundu mara mbili na pembeni imeandikwa no rhyme. Mwenzake wa dawati moja kamalizia said na bed, kapigiwa vema.

Mimi nimekulia kwenye vina, babu yangu alikuwa mtunzi, kina nakijua nikikiona. Love na move zote -ove. Nation na motion zote -tion. Said na bed ukiacha hiyo d ya mwisho wapi na wapi? Nasema mwalimu kakosea, na mtoto kalia kasema haandiki tena shairi. Mwenye elimu ya hili aje na hoja.

#2 KalamuMbichi
Pole kwa mtoto mkuu ila mwalimu yuko sahihi. Kiingereza kina ni cha sikio sio cha jicho. Love inatamkwa lav, move ni muuv. Said ni sed, kwahiyo inakaa vizuri kabisa na bed, red, head, hata lead ile ya madini ya risasi. Fumba macho mtu akusomee utaona.

#3 Mwana wa Irabu
Kwenye love nimeelewa. Sasa nation na motion? Nimefumba macho nimesoma mara tatu, zote zinaishia shen. Hapo sikio linasikia tofauti gani?

#4 BiTungo
Nimefundisha kiingereza miaka mingi na mashairi ya kiswahili nimetunga miaka mingi zaidi, na hili ndilo linalowakwamisha wanafunzi wetu kuliko yote, nashukuru limeletwa.

Sisi tukisema kina tunamaanisha silabi ya mwisho, basi. Shuka, mwaka, ondoka, andika, hapo nimepata kina cha ka na hakuna atakayeniuliza nyuma ya ka kuna nini. Mkazo wetu karibu siku zote uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo hakuna anayeuhesabu. Mkazo wa mwingereza unahamahama, na kina chake kinaanzia pale mkazo ulipokaa hadi neno linapoisha. Kuanzia hiyo irabu yenye mkazo kila kitu lazima kifanane, na konsonanti iliyo kabla yake lazima iwe tofauti.

Sasa chukua nation. Mkazo uko mwanzo, NEI-shen. Motion ni MOU-shen. Hiyo shen ya mwisho ni mkia tu. Wenzake nation ni station, creation, vacation. Wenzake motion ni lotion, potion, na ocean yaani bahari, ambayo kwa maandishi haina hata hiyo -tion!! Ndio maana singing na going nazo hazina vina japo zote zina -ing, moja ni SING moja ni GO.

Mleta uzi, mtoto wako hajakosea kitu cha kumliza. Katumia sheria ya babu yake kwenye lugha ya watu wengine. Mwambie agonge meza kwa kidole pale sauti inapopanda, na-tion, mo-tion, halafu asikilize kuanzia hapo alipogonga.

#5 Tarazia
BiTungo ubarikiwe. Nimegonga meza hapa na kweli nimesikia. Nitamwonyesha jioni.

#6 Kidato Kipya
Swali la nyongeza, kama ni sikio basi right na write ndio vina bora kuliko vyote si ndio? Zinafanana mia kwa mia.

#7 KalamuMbichi
Hapana, rudi #4, konsonanti ya mbele lazima itofautiane. Right na write ni sauti ileile imejirudia, hapo hujatunga kina. Right na night ndio kina. Kiingereza hakikubali hicho kitu kabisa.

#8 Mzee Kamusi
KalamuMbichi, kusema "hakikubali kabisa" umevuka mpaka. Chaucer mwenyewe, yule mshairi wa kiingereza wa karne ya 14, mwanzoni tu mwa hadithi zake za mahujaji amemalizia mstari na seke yaani kutafuta na unaofuata seeke yaani wagonjwa, sauti moja maana mbili, na kwake ulikuwa ufundi. Wafaransa mpaka leo wana kitu wanachokiita kina tajiri, sauti ya mbele nayo ikifanana wao ndio wanafurahi. Waingereza walikuja kuona ni uvivu baadaye. Sheria ipo, ila ina umri wake.

#9 SautiYaPili
Mimi nadhani wote mnapita pembeni. Tatizo letu ni kwamba sisi tuna irabu tano na wao wanazo nyingi, kwahiyo masikio yetu yanazikusanya pamoja.

Nitoe mfano wangu. Niliandika wimbo wa kiingereza nikaupeleka kurekodi, kiitikio kina heart mstari mmoja na hat mstari unaofuata. Fundi akasimamisha muziki akasema haviendani. Nikabishana naye karibu nusu saa, nikamwambia hat na hat kuna tofauti gani. Akanichukulia kalamu akaniandikia maneno manne kwenye karatasi: hat, hut, heart, hurt. Kofia, kibanda, moyo, kuumiza. Mdomoni kwangu yote yalikuwa HAT. Kwao hat anakaa na cat, hut anakaa na but, heart anakaa na part, hurt anakaa na shirt. Nyumba nne tofauti hazigusani. Ile karatasi bado ninayo.

Kwahiyo hata ukifuata sheria ya BiTungo ukagonga meza mpaka mkono uume, kama sikio linasikia a moja pale ambapo wao wana nne, kina utakosa tu.

#10 Mwana wa Irabu
SautiYaPili nusu saa unagombania kofia! Ila umenifungua macho, mi mwenyewe ship na sheep nazitamka sawasawa na nina digrii.

#11 Kidato Kipya
Na kwenye heart ongeza hii, heard inatamkwa hed ile ndefu inakaa na bird, halafu beard yaani ndevu inatamkwa biad inakaa na weird. Heart, heard, beard, -ear zote tatu na kila moja ina kwao. Nani aliwaandikia hii lugha?

#12 Nahodha_wa_Nahau
Alieharibu ni yule mchapaji wa kwanza, Caxton, aliyefungua mtambo wake Westminster 1476. Akaajiri wasaidizi kutoka ng'ambo, spelingi ikavurugika, na mpaka leo tunateseka.

#13 Mzee Kamusi
Nahodha hapo unamwonea marehemu. Caxton alikuta spelingi tayari kila mtu anaandika anavyojua. Kilichotokea ni kwamba uchapaji ulianza kuigandisha spelingi huku matamshi yenyewe yako njiani yanahama. Wanaisimu wanayaita mabadiliko makuu ya irabu, kati ya kama 1400 na 1700 irabu ndefu zote za kiingereza zilisogea kwenye kinywa.

Na hili mswahili atalifurahia. Kabla ya hapo name ilitamkwa karibu na naa-me, time ilikuwa tii-me. Yaani a ilikuwa a, i ilikuwa i, ulikuwa unaisoma kama unavyosoma kiswahili! Na ile gh ya night ilikuwa sauti ya kweli kooni, jamaa wa kh ya kheri. Sauti zikaondoka, herufi zikabaki zinalinda nyumba.

#14 KalamuMbichi
Na hiyo gh ndio imezaa kizaazaa cha -ough. Ina matamshi manne, mwanafunzi akariri tu: though yaani ingawa, anakaa na go. Through yaani kupitia, anakaa na blue. Tough yaani ngumu, anakaa na stuff. Bough yaani tawi kubwa la mti, anakaa na cow.

#15 Kidato Kipya
Sio manne mkuu. Cough yaani kikohozi anakaa na off. Thought yaani fikra anakaa na caught. Thorough yaani kwa ukamilifu, mwisho wake ni a nyepesi kwa waingereza na o kwa wamarekani. Hapo tayari saba. Halafu kuna slough, ikiwa ni lile gamba analovua nyoka inakaa na tough, ikiwa ni tope la kinamasi waingereza wanaiweka na cow. Neno moja spelingi moja, kina kinategemea unamzungumzia nyoka au tope.

#16 KalamuMbichi
Nimekubali, saba. Asante kwa nyoka.

#17 Lulu ya Lugha
Habari zenu, nimesoma kuanzia juu. Naona wote mmekubali haraka mno kwamba love na move si vina. Mbona Shakespeare kwenye soneti ya 116, kile kitabu kilichotoka 1609, mistari miwili ya mwisho kamaliza na proved na loved? Prove anatamkwa kama move. Yule naye apigiwe duara jekundu?

#18 BiTungo
Lulu swali lako ni zuri sana. Hicho wenyewe wanakiita kina cha jicho. Maneno yanayoendana na love ni machache mno: above, dove yaani njiwa, glove, shove yaani kusukuma, basi karibu yameisha. Mshairi wa mapenzi atasema njiwa na glavu mpaka lini? Kwahiyo washairi wakajiruhusu move na prove kwa sababu ya spelingi. John Walker kwenye kamusi yake ya vina ya 1775 alikuwa na vina kamili, halafu pembeni akaweka vina vinavyoruhusiwa. Ruhusa ipo, ila ni ruhusa.

#19 Mzee Kamusi
Mwalimu, kwa heshima zote, kwa Shakespeare mimi siamini habari ya jicho. Love zamani ilikuwa na u fupi kabisa, lufu. Ile o imekuja kwa sababu ya waandishi wa mkono, u ikikaa karibu na m, n au v vijiti vinakuwa vingi vinachanganya macho, wakabadilisha u kuwa o. Ndio asili ya o kwenye come, son, love. Kwahiyo love na prove zama zile yawezekana zilikutana midomoni. Mwanaisimu David Crystal aliwasaidia pale Globe, London, mwaka 2004 waigize Romeo and Juliet kwa matamshi ya enzi hizo, na kazi hiyo imeonyesha vina vingi vilivyokuwa vinaonekana vibovu vikikaa sawa. Shakespeare alisikia, sisi ndio tunaona.

#20 BiTungo
Kwa huyo mmoja nakubaliana na wewe nusu. Lakini waliomfuata miaka 200 baadaye walikuwa wanasema muuv na lav kama sisi, na bado waliziweka pamoja. Hao sikio halikuwasaidia, waliifuata mila ya waliowatangulia.

#21 Tarazia
Kwahiyo kumbe mtoto hakukosea SANA.

#22 Mpita Njia 7
Mi naongeza jambo moja hamjaligusa, mwingereza yupi? Pass na gas kwa mmarekani ni vina, kwa mtu wa London pass ni paas na gas ni fupi, haviendani. Law na door kwa London vinaendana maana r ya mwisho hawaitamki, Marekani haviendani. Clerk Uingereza anakaa na dark, Marekani anakaa na work. Shone, wakati uliopita wa kung'aa, Uingereza anakaa na gone, Marekani na bone. Hata herufi Z, huku ni zed anakaa na bed, kule ni zii anakaa na see. Na dove mnayoimba hapo juu, mmarekani akisema dove kama wakati uliopita wa dive yaani kupiga mbizi, anakaa na stove. Mwalimu akipiga duara inabidi aandike na bendera pembeni.

#23 Kidato Kipya
Mpita Njia umemaliza kila kitu.

#24 Mpita Njia 7
Sijamaliza, nation na motion ni mbovu pande zote mbili za bahari. Hapo BiTungo hana mpinzani.

#25 Nahodha_wa_Nahau
Tuhamie kwenye maana sasa maana kichwa cha uzi ni maneno. Mimi nina nadharia kwamba maneno ya kiingereza yenye kina kimoja yana undugu wa maana. Angalia -ump: bump ni nundu, lump ni bonge, hump ni nundu ya ngamia, stump ni kisiki, clump ni kichaka, rump ni makalio. Vyote vimevimba! Angalia -ash: crash, smash, bash, clash, slash, vyote ni kugonga, kuvunja au kukata. Hii haiwezi kuwa bahati.

#26 SautiYaPili
Na jump imevimba wapi? Pump? Trump ya karata? Na kwenye -ash mbona kuna cash, wash, ash yaani majivu?

#27 Kidato Kipya
SautiYaPili toa wash hapo, inatamkwa wosh. Umerudi kwenye jicho!

#28 SautiYaPili
Sawa wash imetoka. Ila cash na ash zimebaki na hazijamgonga mtu.

#29 Mzee Kamusi
Nahodha hayuko peke yake, mwanaisimu J.R. Firth aliandika kuhusu vitu hivi 1930 na ndiye aliyevipa jina, fonestimu. Ila wanaobisha nao wana hoja. Wengine wanasema ni kinyume chake, neno likishapata maana fulani linavuta jirani zake wa sauti wafanane nalo. Kwa kiswahili angalia pasuka, katika, banduka, ng'oka, ile -ka ya mwisho ina maana yake kabisa, lakini hiyo ni sarufi. Kiingereza -ump sio sarufi, ndio maana hapo pagumu.

#30 Lulu ya Lugha
Napenda zaidi yale maneno yanayojibebea kina chake chenyewe. Helter-skelter, hilo ni shaghalabaghala letu kabisa, angalia na lenyewe lilivyo na kina ndani. Walkie-talkie redio ya mkononi, teeny-weeny kadogodogo, hoity-toity mtu wa maringo, nitty-gritty kiini cha jambo. Willy-nilly ilitokana na will he, nill he, yaani atake asitake. Na hobnob, kukaa na wakubwa mkapiga soga, ilitoka kwenye hab nab, kuwa nacho na kutokuwa nacho.

Kuna na zile za and: doom and gloom, hali ya kukatisha tamaa, fair and square, kwa haki bila kona, wear and tear, uchakavu. Hiyo ya mwisho tahadhari, tear hapo ni kuchanika inakaa na wear. Tear ya chozi inakaa na fear.

#31 Mpita Njia 7
Hujagusa wale wa London mashariki wanaoficha kina chenyewe. Ngazi ni stairs, wanasema apples and pears. Simu ni phone, wanasema dog and bone. Halafu wakizoea wanakata neno lenye kina wanaacha lisilo nacho. Kuangalia ni look, ikawa butcher's hook, ndoano ya bucha, mwisho ikabaki butcher's peke yake, have a butcher's maana yake hebu cheki. Uongo ni lies, ukawa pork pies, leo mwingereza yeyote akisema unatoa porkies anamaanisha unadanganya. Kina kimezaa maana halafu kimeondoka chenyewe. Msamiati wa namna hiyo uliingia kwenye kamusi ya mitaani ya Hotten tangu 1859.

#32 Mwana wa Irabu
Hii ya #31 ndio bora ya uzi mzima. Yaani unasikia neno, kina chake kiko nje ya sentensi, na maana iko kwenye hicho kina ambacho hakipo.

#33 KalamuMbichi
Tusisahau nguvu ya kina. Mwaka 1995 kwenye kesi ya O.J. Simpson, wakili Johnnie Cochran aliwaambia wazee wa baraza if it doesn't fit, you must acquit, ikiwa haimwenei mwachieni. Alikuwa anazungumzia glavu. Fit na acquit, mkazo wa acquit uko mwisho, a-KWIT, kina safi kabisa. Na 2000 McGlone na mwenzake walichapisha utafiti wao, watu walipewa semi zenye kina na zingine zilezile kimaana kina kimetolewa, woes unite foes dhidi ya woes unite enemies, zenye kina wakaziona ni za kweli zaidi. Shida huunganisha maadui, maana moja, ila sikio likasema ile ya kwanza ndio kweli. Sisi tunalijua hili, haraka haraka haina baraka, ondoa baraka weka faida uone kama kuna atakayekusikiliza.

#34 SautiYaPili
Haba na haba hujaza kibaba. Jaribu hujaza ndoo. Imekufa hapohapo.

#35 Tarazia
Wakuu nimerudi na taarifa. Jana jioni nilimkalisha mtoto, nikamwambia agonge meza kama BiTungo alivyosema. Aligonga, akasema kila neno kwa sauti, akanyamaza kidogo halafu akasema mjomba, ocean. Mwenyewe, sikumwambia! Kaifuta nation. Kwenye love nilimwambia anaweza kuiacha move maana hata Shakespeare ana yake, akakataa, anataka ya sikio. Sasa mwanzo umekuwa hivi:

The road is long, so take my love,
we'll share the same white moon above.

Njia ni ndefu chukua upendo wangu, mwezi uleule mweupe juu yetu sote wawili. Rafiki anaondoka kesho kutwa, kaiandika kwenye karatasi ngumu.

#36 BiTungo
Huyo mtoto ana sikio. Hapo love na above mkazo wa above uko mwisho, a-BAV, kimeingia kamili. Usimwache.

#37 Kidato Kipya
Safi sana mtoto. Wakuu kabla hatujapoa, wind yaani upepo, kwenye mashairi ya zamani naiona inakaa na find na behind. Walikuwa wanasema waind kweli au ni jicho tena?

#38 Mzee Kamusi
Walikuwa wanasema waind, hasa kwenye ushairi.

#39 BiTungo
Wengine walisema waind. Wengine waliandika tu kwa jicho huku mtaani wanasema wind kama mimi na wewe. Mzee, twende tena.